Ugenini Addis Ababa, Jembe ni Viatu

Wahenga walinena kwamba mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Jijini Addis Ababa, mji mkuu wa Ethiopia, huenda mwenyeji wako asingoje siku hiyo ya tatu, na jembe lenyewe likawa viatu vya kukimbilia. Kabla ya kukubali kushinda naye kutwa nzima, msomaji mpenzi, zingatia mambo haya.

Kwanza ni saa. Waethiopia huhesabu saa kama sisi tunaozungumza Kiswahili, tangu jua linapochomoza. Tatizo huzuka mnapoongea Kiingereza. Mwenyeji akitaja moja, huenda ana maana ya saa moja asubuhi, nawe ukadhani ni saa saba mchana. Muulize waziwazi iwapo ni asubuhi au alasiri, asije akakungoja mlangoni nawe ungali usingizini.

Pili ni mwinuko. Addis Ababa iko zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, ilhali Nairobi ni kama mita 1,700. Vilima vya Entoto, ambako wakimbiaji hupenda kufanyia mazoezi, vinapita mita 3,000. Huko hewa ni nyepesi na pumzi hukatika upesi, hasa kwa aliyetoka Mombasa juzi.

Hapa ndipo Wakenya wengi hujitia kiburi. Mwenyeji atakukumbusha Sydney mwaka wa 2000, Haile Gebrselassie alipomshinda Paul Tergat kwa sekunde 0.09 katika mbio za mita 10,000, nawe utataka kulipiza kisasi mlimani! Usithubutu. Ikiwa una pumu, ugonjwa wa moyo au shinikizo la damu, muone daktari kabla ya kusafiri. Pumzika siku moja au mbili kwanza, kunywa maji, na ukihisi kizunguzungu au kichwa kikikugonga, sema na uteremke. Mwenyeji hawezi kujua unachoumwa ikiwa unaona haya kumwambia. Heshima si kuzimia njiani.

Huko juu lipo kanisa la Maryam, ambamo Menelik wa Pili alitawazwa kuwa mfalme mkuu mwaka wa 1889. Viatu huvuliwa mlangoni, nao akina mama hujifunika kichwa kwa mtandio.

Tatu ni chakula. Mtakula injera ya nafaka ya teff kutoka sinia moja, kwa mkono wa kulia. Mwenyeji akikutilia tonge kinywani, lipokee. Ni ishara ya mapenzi. Jumatano na Ijumaa waumini wa Kanisa la Orthodox hufunga nyama na maziwa, basi usiulize kitoweo kiko wapi.

Kisha huja kahawa, inayokaangwa na kutwangwa mbele ya macho yako. Huandaliwa mara tatu: abol, tona, na ya mwisho baraka, neno ambalo halihitaji mkalimani. Kuondoka kabla ya hiyo ya tatu ni kuikimbia baraka yenyewe. Kwa hiyo usipange miadi mingine jioni hiyo.

La mwisho ni pesa. Mwenyeji aliyeacha shughuli zake kukutembeza amekwisha kutumia mengi, hata kama anatabasamu. Hatakubali ulipie chakula, na kung'ang'ania mezani mbele ya watu ni kumvunjia heshima. Lipa nauli ya teksi mapema, nunua matunda ya watoto njiani, na umchukulie majani ya chai ya Kericho kutoka nyumbani.

Naye atakapozuru Nairobi, usimwachie televisheni imwangalie. Mwamshe alfajiri, umpeleke msitu wa Karura.