Mgonjwa Alazwe Mkekani Kabla ya Kusimamishwa

Mtoto wa miezi mitatu, alazwapo kifudifudi, huegemea viwiko vyake akainua kichwa na kukigeuza huku na huku, wala hapana mja aliyemfundisha. Na akaribiapo miezi mitano, akilala chali, huinua miguu yote miwili, mgongo ukatulia, na pumzi ikalijaza tumbo lake mbele, ubavuni na nyuma. Kiwambo cha pumzi kinaposhuka, na misuli ya tumbo na ya chini ya fupanyonga ikakipokea, hupatikana ndani ya tumbo shinikizo linaloushikilia uti wa mgongo, hata mikono na miguu ikapata kutenda kazi kwa salama.

Jambo hili liliwashughulisha mno matabibu wa Prague. Václav Vojta, aliyekuwa akiwatibu watoto wenye mtindio wa ubongo katika miaka ya 1950, alibaini kwamba mgonjwa akiwekwa katika mkao maalumu na kubonyezwa mahali fulani mwilini, mwili hutoa wenyewe mwendo wa kutambaa au wa kugeuka ambao kwa hiari yake hakuuweza. Yeye alihamia Ujerumani mwaka 1968, ama ilimu yake ilibaki Prague, na Pavel Kolář wa hospitali ya Motol ya mji huo akaijenga zaidi, akiielekeza hata kwa watu wazima wenye maradhi ya mgongo, mabega na nyonga.

Nami naiunga mkono njia hii ya kuanzia pale aanziapo mtoto, kwa kuwa aghalabu mwenye kuumwa kiuno huhimizwa kutia misuli nguvu, ilhali hajaulizwa anavyovuta pumzi. Mlaze chali, miguu yake juu ya kiti, magoti yamekunjwa. Kisha weka vidole juu kidogo ya kinena, umwambie avute pumzi mpaka ivisukume. Wengi huinua mabega na kifua, na vidole visihisi kitu. Hapo ndipo pa kuanzia, kabla ya kubeba chuma chochote. Naye akiisha kulimudu hilo, ndipo ageuzwe ubavu, kisha apige magoti, kisha asimame.

Hata hivyo mtu mzima si mtoto: ana uzito, ana makovu, ana hofu ya kuanguka, na utafiti uliopo haujathibitisha kwamba njia hii huzishinda nyingine zote. Aliyepigwa na kiharusi hujifunza kutembea kwa kutembezwa, tena mara nyingi, na itakuwa dhuluma kumzuia mkekani eti kwa kuwa hajatambaa vizuri. Mtoto na awe dalili ya njia, asiwe kadhi wa kuhukumu nani asimame.

Linaloniuma zaidi ni haya wanayoipata wazee wetu. Mtu mwenye heshima zake, akiambiwa alale sakafuni atambae mbele ya wageni na wajukuu, hukataa, na akikataa huandikwa kuwa ni mkaidi. Basi chumba cha mazoezi kiwekwe pazia, godoro pana lililoinuliwa kutoka chini, na tabibu anayeanza kwa kumwamkia mzee, akamweleza kwa utaratibu faida ya kila mkao kabla ya kumgusa.