Mama aliyerudi shuleni akaingia Seneti



Juma lililopita mama mmoja wa kikundi chetu, mwenye watoto wanne, aliuliza kama mtu wa miaka 39 anaweza kurudi shuleni asome sheria. Wengine wakacheka. Mimi nikamkumbuka Lucy Gichuhi.

Lucy alizaliwa mwaka 1962 katika kijiji cha Hiriga, Nyeri, nchini Kenya, kifungua mimba wa watoto 10. Alisomea kazi ya hesabu, akaolewa, akazaa mabinti watatu. Mwaka 1999 familia yote ilihamia Adelaide, Australia. Huko, akiwa mama wa nyumba na mfanyakazi, aliingia chuo kikuu tena, akatoka avoka.

Mwaka 2016 alikuwa wa pili kwenye liste ya chama cha Family First, nyuma ya Bob Day. Bwana huyo alichaguliwa, lakini Mahakama Kuu ikasema hakustahili kwa sababu ya mapatano ya kupangisha ofisi yake kwa serikali. Kura zikahesabiwa upya, na Aprili 2017 Lucy akaingia Seneti. Hapo kabla, hakuna Mwafrika mweusi aliyewahi kukaa katika bunge la nchi ile.

Wapinzani wakamshitaki hapo hapo: huyu si bado Mkenya? Katiba ya Australia inakataza mbunge kuwa na uraia wa nchi mbili. Kilichomwokoa ni sheria ya zamani ya Kenya, kwamba ukichukua uraia mwingine wa kwako unakwisha. Wamama wenye watoto ng'ambo mwasikie vizuri, kwa maana Katiba yetu ya 2006, kifungu cha 10, nayo inakubali uraia mmoja tu.

Hakuwa malaika. Alilazimika kurudisha zaidi ya dola 2.000 za Australia, bei ya tiketi za ndege za jamaa waliokuja kwenye sikukuu yake ya kuzaliwa. Alihamia chama cha Liberal, nacho mwaka 2018 kikamweka wa nne kwenye liste, mahali pa kushindwa. Alisema wazi kwamba wanawake wanatishwa ndani ya siasa. Juni 2019 muda wake ukaisha.

Basi sheria itatusaidia nini sisi tunaouza maharagwe sokoni? Kwa Sheria ya Familia ya 1987, mke hakuweza kununua kiwanja wala kupeleka kesi ya mali mahakamani bila ruhusa ya mume. Ruhusa hiyo iliondolewa Julai 2016. Siku hizi mambo makubwa yanataka bibi na bwana wapatane. Nilipolisema mkutanoni, wengi walikuwa hawajalisikia, na miaka imepita mingi.

Yule mama hakucheka nasi. Alhamisi nilikutana naye njiani, amebeba kaye mbili mpya. Nilidhani ni za watoto. Akaniambia: "Hapana, mama, hizi ni zangu."