Mtahiniwa asijichape kwa maneno

Tangu muhula wa pili, shule zinapofanya mitihani ya majaribio, hadi KCSE inapokamilika mwezi wa Novemba, sisi madaktari hupokea wagonjwa wa aina moja. Ni wanafunzi wa kidato cha nne, na aghalabu ni wale wenye bidii. Tumbo linawachoma, kichwa kinawauma kuanzia kisogoni hadi mabegani, usingizi hauji na moyo unakwenda mbio. Mzazi aliyemleta mtoto huwa amekwisha kuamua kwamba ni vidonda vya tumbo ama malaria, naye hushangaa damu ikipimwa na kukosekana kiini chochote.

Mpenzi msomaji, maumivu hayo si ya kusingizia. Akili inapohisi hatari, tezi zilizo juu ya figo humimina homoni za adrenalini na kotisoli katika damu. Mapigo ya moyo huongezeka, misuli ya shingo hukaza na tumbo huacha kusaga chakula sawasawa. Hali hii ikidumu saa moja haina madhara. Ikiendelea wiki nenda wiki rudi, mwanafunzi hulala vibaya, na asiyelala hasahihishi kosa lolote kwa kukesha, kwa maana yale aliyosoma mchana hayakai kichwani. Wapo wanaotia miguu katika beseni la maji baridi usiku ili wasisinzie. Mazoea hayo ni ya kukomeshwa.

Lakini hatari yenyewe hutoka wapi? Karatasi ya mtihani hufanywa kwa saa mbili tatu, kisha huisha. Mzungumzishe mtoto huyu polepole, mzazi akiwa nje, nawe utagundua kwamba anayemtisha mchana na usiku ni yeye mwenyewe. "Mimi ni bure." "Nimewaaibisha nyumbani." "Wote wanaelewa ila mimi." Rafiki yake akipata D hawezi kumwambia maneno kama hayo, ilhali yeye hujiambia mara mia kwa siku. Kiboko kilipigwa marufuku shuleni mwaka wa 2001, ingawa wapo walimu ambao hawajasikia habari hizo. Lakini mwanafunzi anayejichapa kwa maneno hana wa kumshika mkono.

Maoni yangu ni kwamba watoto hawa wafundishwe kujihurumia. Najua neno hili halipendezi masikioni mwa wazazi wengi. Linawakumbusha mtu aliyeketi kivulini akilia kwamba ameonewa. Huko ni kujisikitikia, na sikutetei. Kristin Neff, mtaalamu wa saikolojia katika Chuo Kikuu cha Texas mjini Austin, Marekani, alieleza katika makala zake za mwaka wa 2003 kwamba kujihurumia kuna mambo matatu: kujitendea kwa upole kama ambavyo ungemtendea rafiki, kukumbuka kwamba kushindwa huwapata binadamu wote, na kuitazama hali jinsi ilivyo bila kuificha wala kuikuza. Aliyepata D ya kemia hajiambii kwamba ni A. Anakubali ni D, anakubali inauma, kisha anatafuta ni mada gani iliyomshinda.

"Daktari, si atakuwa mvivu?" Hili ndilo swali ninaloulizwa kila mara, na majibu yake yapo. Juliana Breines na Serena Chen wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walichapisha utafiti mwaka wa 2012. Wanafunzi walipewa mtihani mgumu wa msamiati. Baadaye wengine waliambiwa wasijilaumu kupita kiasi kwani mtihani huo huwatatiza wengi, na wengine wakasifiwa kwa akili zao. Wale walioelekezwa kujihurumia ndio waliotumia muda mrefu zaidi kujiandaa kwa mtihani wa pili. Nako Kanada, katika Chuo Kikuu cha Carleton, ilionekana mwaka wa 2010 kwamba wanafunzi wa mwaka wa kwanza waliojisamehe kwa kuahirisha masomo kabla ya mtihani wa kwanza walipunguza tabia hiyo kabla ya mtihani uliofuata. Anayejitukana huogopa hata kukifungua kitabu kilichomwaibisha.

Kijana unayesoma ukurasa huu, chukua kalamu. Andika barua fupi kwa rafiki aliyepata alama zilezile ulizopata wewe. Ukimaliza, futa jina lake uandike lako, kisha usome kwa sauti. Baadaye funga vitabu ulale.

Kujihurumia hakulipi karo, wala hakumwondolei mtoto njaa au kelele za jirani. Shule inayobandika ukutani majina ya waliovuta mkia nayo ina lawama zake. Nanyi wazazi, msifikiri mambo yatajirekebisha kwa kuwa mtaala umebadilika na watahiniwa wa mwisho wa KCSE wanatarajiwa mwaka wa 2027. Mdomo wa nyumbani ni uleule.

Kuna dalili ambazo hazisubiri barua wala ushauri wa gazetini. Mtoto akisema ni heri asingezaliwa, akianza kugawa vitu vyake, ama akijitenga na kukataa chakula kwa siku kadhaa, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Usiogope polisi. Kifungu cha 226 cha sheria za jinai, kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa, kilitangazwa na Mahakama Kuu mnamo Januari 2025 kuwa kinakiuka Katiba. Nambari 116 ya kuwasaidia watoto hupigwa bila malipo. Na mkifika kwa daktari, mzazi, tafadhali toka nje kwa dakika kumi umwache mtoto aseme.