Shetani wa Mpingo na Jina la Fundi

Niliposimama penye kibanda cha vinyago, njia ya kwendea Momela, chini ya Mlima Meru, nilimsikia muuzaji akimwambia mgeni kuwa shetani yule wa mpingo, mwenye jicho moja na mdomo uliopinda, ni wa kale, na waganga wa Kimakonde humtumia kuagulia. Nikamuuliza: nani kamchonga? Hakujua.

Nasema wazi: huo ni uzushi. Kinyago cha ngomani kwa Wamakonde ni lipiko, avaliwaye katika sherehe za jando. Shetani ni sanaa ya juzi. Ilizuka Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1950, mikononi mwa Samaki Likankoa, na mfanyabiashara Mohamed Peera akaipokea na kuikuza. Ilichongwa iuzwe tangu mwanzo. Hata jina lake limetokana na Kiarabu.

Basi ni bandia? Hasha! Mchongaji huzichukua hadithi za mizimu akazitia katika gogo, kama mshairi anavyomtia pepo katika beti, naye si mganga. Sisi wa visiwani, tuliolelewa kwa visa vya majini, tungekuwa wa kwanza kulifahamu hilo. Kumbe wako miongoni mwetu wanaokiita kinyago hicho uchawi. Muuzaji wa Momela na mkemeaji wa huku kwetu wamekosea pamoja: wote wawili wamemwona jini, wasimwone fundi.

Tazameni Wainuiti wa Kanada. Biashara ya sanamu zao za mawe ilipamba moto baada ya maonyesho ya Montréal ya mwaka 1949, wakati wengi wao wamekwisha kuwa Wakristo. Nao wakachonga waganga wa mababu zao wakigeuka dubu na ndege. Lakini mwaka 1958 serikali ilianzisha alama ya kuthibitisha kazi zao, na wachongaji wengi hutia sahihi chini ya jiwe. Sanaa ile ina wenyewe, wanajulikana.

Nyinyi wapenzi wa tungo mwajua kuwa watunzi wetu wa kale walijitaja katika beti za tamati, ili kazi isipotee mwenyewe. Mbona mpingo tuununue bila tamati? Anayenunua na aulize jina. Anayeuza na aliandike. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.