Glavu Ikitoboka, Tazameni Mpini Kabla ya Kumlaumu Mfanyakazi

ITEBERO – Kila mahali ambapo watu wanafanya kazi ya mikono kwa malipo ya siku, lawama moja husikika mapema: glavu zilitolewa juzi, leo zimekwisha kutoboka, basi wafanyakazi hawajui kutunza vitu. Glavu, au gants kama wengi wanavyosema, inageuka kuwa ushahidi juu ya yule aliyeivaa. Jozi ya pili ananyimwa, au inakatwa kwenye malipo yake.

Lawama hiyo mara nyingi haina haki. Tundu la glavu linaonyesha namna mkono ulivyoshika chombo, na linaonyesha hali ya chombo chenyewe. Kapita au mwenye shamba anayetaka kujua sababu anaweza kuisoma kwa dakika moja, kabla ya kufungua mdomo kumshitaki mtu.

Wengine watasema hili ni jambo dogo katika teritware ya Walikale, ambako kuna vita, njaa na barabara mbovu. Lakini nani anayeshika beleshi na jembe la kuazima leo? Ni mkaaji asiye na shamba la kutosha, na ni familia zilizokimbia kutoka Masisi na kutoka sehemu zingine za Walikale yenyewe, hasa tangu mwaka 2025, vita vilipofika hadi Walikale mjini katika mwezi wa tatu. Mtu aliyeacha mashamba yake, mbuzi zake na nyumba yake amebaki na mikono miwili. Akilima shamba la mihogo la mwenyeji, akibeba mawe ya kuziba mashimo kwenye barabara ya taifa nambari 3, au akisafisha mfereji, mikono hiyo ndiyo inayolisha watoto jioni. Kiganja kikichubuka leo, kesho hashiki mpini. Asiposhika mpini, hakuna malipo, na chungu hakipandi jikoni.

Namna ya kusoma glavu si ngumu. Iwekwe juu ya meza au juu ya jiwe, kiganja kikitazama juu. Ikiwa imeisha pale vidole vinapoanzia, mpini unazunguka au kuteleza mkononi kila pigo. Mara nyingi mpini huo ni mnene mno, au ni mviringo kabisa kama bomba, kwa hiyo mkono hauna mahali pa kuuzuia. Ikiwa imeisha chini ya kiganja, karibu na kifundo cha mkono, mtu anasukuma kwa kichwa cha mpini, au mpini umelala ndani ya kiganja badala ya kushikwa na vidole. Ikiwa imechanika kati ya kidole gumba na kidole cha shahada, panga linaruka mkononi, au linashikwa mbele mno. Ikiwa ncha za vidole zimetoboka, mtu anaokota mawe kwa ncha badala ya kuyakumbatia kwa mkono mzima, au glavu ni fupi kuliko vidole vyake. Ikiwa ni mshono uliofunguka bila kitambaa kuchakaa, glavu ni ndogo, au ilishonwa vibaya tangu mwanzo, na hapo mfanyakazi hana kosa lolote.

Kuna alama nyingine inayosahaulika. Glavu ya mkono mmoja ikiisha na ya pili ikabaki mpya, mtu huyo amefanya kazi upande mmoja tu siku nzima. Kwenye beleshi, mkono wa juu unashika mwisho wa mpini na kusukuma, mkono wa chini unateleza kidogo na kubeba uzito. Kila mkono unapata msuguano wake. Anayebadilisha upande kila baada ya muda anagawa mzigo huo kwa viganja viwili, na mgongo wake pia unamshukuru. Mzee anayejua kulima anafanya hivyo bila kufikiri. Anaposhusha jembe anakaza, anapoliinua analegeza na kuuacha mkono wa mbele uteleze. Anayekaza muda wote kwa hofu ya kuangusha chombo anachoka haraka, na anakula glavu na ngozi pamoja.

Watu wa mchezo wa golfu walilielewa jambo hili zamani. Ni mchezo wa wenye nafasi, wenye viwanja vyake Kinshasa, Kampala na Nairobi, ambapo mtu anapiga mpira mdogo kwa fimbo ya chuma. Mchezaji anayetumia mkono wa kuume huvaa glavu moja tu, ya mkono wa kushoto, kwa sababu mkono huo ndio unaokaa juu kwenye mpini. Mwalimu wa golfu akitaka kujua kosa la mwanafunzi, anaomba kuiona glavu hiyo. Tundu chini ya kiganja linamwambia kwamba mpini umekaa kiganjani na unacheza, wakati ulitakiwa kukaa kwenye vidole. Hamwambii mwanafunzi kwamba anaharibu vitu. Anaupanga mkono upya. Harry Vardon, mtu wa kisiwa cha Jersey aliyeshinda mashindano makubwa ya wazi ya Uingereza mara 6 kati ya 1896 na 1914, anakumbukwa hadi leo kwa namna ya kushika fimbo: kidole kidogo cha mkono wa chini kikipanda juu ya mkono wa juu, ili mikono miwili ifanye kazi kama mmoja.

Beleshi si fimbo ya golfu, na hakuna anayeomba Itebero ijengewe kiwanja. Lakini ikiwa kwa mchezo wa kujifurahisha mtu anapewa nafasi ya kufundishwa kushika, kwa nini anayetafuta chakula cha watoto asipewe nusu saa ya kuonyeshwa?

Baada ya mkono unakuja mpini. Mpini mzuri wa jembe unamfaa anayeutumia: akiuzungushia vidole, kidole gumba kinakaribia kugusa cha shahada. Kwa watu wengi hiyo ni unene wa sentimita 3 hadi 4. Ukiwa na umbo la yai kidogo, hauzunguki. Usiwe na magome, wala misumari iliyopinda, wala rangi ya kupaka inayoteleza kwa jasho. Kipande cha chupa kinaweza kuukwangua ukawa laini kwa muda mfupi. Na jembe likae imara. Jembe linalocheza kwenye mpini linamlazimisha mtu kukaza mkono kila pigo, na hakuna glavu itakayovumilia hilo juma nzima. Kabari moja ya mti mgumu, iliyogongwa vizuri, inaokoa jozi nyingi.

Wapo wanaojibu kwamba babu zetu walifyeka msitu bila glavu, na mikono yao ilikuwa na sugu. Ni kweli, na jibu hilo lina uzito. Lakini sugu haiji kwa siku moja. Ngozi inahitaji majuma ya kazi ya polepole ili ikomae. Babu alikuwa na jembe lake, mpini aliouchonga mwenyewe, na shamba lake, hivyo alipumzika alipotaka. Anayefika leo kutoka kambini anapewa chombo cha mtu mwingine, anaanza siku hiyohiyo kwenye changarawe, na kapita anamhesabia mita. Malengelenge yatatoka kabla sugu haijaanza.

Ni kweli pia kwamba glavu yenyewe inaweza kuumiza. Iliyo kubwa inajikunja ndani ya kiganja, na mkunjo huo unasugua ngozi kuliko mpini mtupu. Iliyoloa inafanya panga liteleze. Ndiyo sababu kutoa glavu za saizi moja, kubwa, kwa wanaume, wanawake na vijana, ni kutumia pesa bila kuwasaidia. Mama mwenye mkono mdogo atazivaa siku ya kwanza, siku ya pili ataziweka kando, na watu watasema hazithamini.

Mvua ya huku nayo inafanya kazi yake. Glavu ya ngozi ikiloa na kukaushwa juu ya moto inakuwa ngumu kama gome, kisha inapasuka. Ikaushwe kivulini, penye upepo. Glavu za kitambaa zisizo na kushoto wala kulia zibadilishwe mkono kila siku, zitadumu zaidi. Na zisivaliwe na watu watatu kwa zamu. Upele unapita kwenye nguo, na ugonjwa wa mpox, ambao mwaka 2024 ulisambaa kutoka Kamituga katika Kivu ya Kusini, nao unaweza kupita kwenye vitu vilivyoguswa na mgonjwa. Kila mtu na jozi yake. Anayetokwa na lengelenge asilipasue. Likijipasua, aoshe kwa maji safi na sabuni, afunike kwa kitambaa safi. Udongo kwenye kidonda unaweza kuleta pepopunda, ugonjwa unaoua, hivyo ambaye hajui kama alichanjwa aulize kwenye kituo cha afya.

Basi wanaohusika wana kazi ya kufanya. Mashirika na kamati zinazosimamia kazi za barabara wapime mikono kabla ya kununua, na watenge pesa kidogo kwa mafundi wa hapa wanaochonga mipini. Makapita watumie nusu saa ya asubuhi ya kwanza kuonyesha namna ya kushika, wakimtumia mkulima mzoefu awe mwalimu. Hata kwenye salongo hilo linawezekana. Mwenye shamba anayeazimisha jembe aangalie kwanza kama halichezi. Na mtu akileta glavu iliyotoboka, isomwe mbele yake. Kama ameitumia vibaya, aonyeshwe. Kama mpini ndio wenye kosa, mpini ubadilishwe, na malipo yake yasiguswe.

Wafanyakazi nao wana sehemu yao. Anayeona mpini unacheza aseme mapema, asingoje kiganja kitoke damu kwa kuogopa kufukuzwa. Akiwa na aibu kwa sababu ni mgeni, wenzake wenyeji waseme kwa niaba yake.

Waswahili husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Familia nyingi za Itebero zimewapokea wageni kwa zaidi ya siku mbili, na wageni wenyewe wanaomba jembe, hawaombi kukaa bure. Methali hiyo haikusema jembe la namna gani. Anayempa mgeni jembe lenye mpini uliopasuka, kisha anamkata malipo kwa glavu iliyotoboka, amempa mzigo na kuuita kazi.