Mwambie Rafiki Yako Kwamba Mbwa Wake Anateseka

Sisi watu wa Pwani hatuna haya ya kuambiana ukweli. Ukipotea mtaani kwa muda, wa kwanza kukutana naye atakwambia umekonda au umenenepa, tena mbele za watu. Rafiki akitaka kuoa, tutamwambia kama binti anamfaa au hamfai. Akikopa mkopo wa riba, tutamkalisha kitako. Lakini tukiingia uani kwake tukamkuta mbwa amefungwa mtini, mbavu zinahesabika, nzi wamejaa masikioni, midomo yetu inafungwa. Tunapokea soda, tunazungumza mpira, tunaaga. Tukifika njiani ndipo tunasema, "Yule mbwa jamani, watamuua." Tunawaambia wote isipokuwa mwenye mbwa.

Nasema wazi: ukimya huo ni ukatili. Aliyemfunga mnyama yule na aliyemwona akanyamaza wamemtesa pamoja.

Naandika haya nikiitazama Kisarawe. Wilaya hii imepakana na Dar es Salaam, na watu wa mjini wanapita Gongo la Mboto na Pugu kuja kununua viwanja na mashamba, kuanzia Masaki hadi Maneromango huko ndani. Mtu anazungushia seng'enge, anajenga chumba cha kijana wa shamba, anapanda mikorosho na mihogo, kisha analeta mbwa wa kulinda. Yeye mwenyewe anarudi mjini na kuja mwisho wa wiki, kama hakupata shughuli nyingine. Kijana aliyeachwa pale naye anasubiri unga wake utumwe. Je, mbwa atakula nini?

Katika shamba moja la namna hiyo, mali ya rafiki yangu, nilimkuta mbwa chini ya mkorosho. Mnyororo wake haukufika hatua tatu. Mahali alipokuwa akizunguka kutwa nzima, ardhi ilikuwa imebaki kipara, duara kamili lisilo na jani hata moja, na kinyesi chake kilikuwa mumo humo anamolala. Maji yake yalikuwa ndani ya ndoo ya rangi iliyokatwa nusu, yamegeuka kijani. Manyoya yalikuwa yamenyonyoka chini ya mnyororo na shingo inatoa usaha. Kupe walioshiba damu walijaa ndani ya masikio. Mwenye shamba akanionyesha kwa fahari. "Huyu mkali, kaka. Hata mimi ananibwekea."

Nikamjibu, "Ndugu yangu, huyu si mkali. Ana njaa, ana kidonda, na anakuogopa wewe."

Alinuna. Urafiki wetu haukufa, na mbwa akafunguliwa.

Najua majibu utakayopewa ukithubutu kusema, kwa hiyo tuyapitie moja moja.

La kwanza ni kwamba mbwa wa ulinzi lazima awe mkali, na ukali hauji bila mateso. Kwa imani hiyo watu wanampiga, wanamnyima chakula, wengine wanamlisha pilipili na hata bangi. Huo ni ujinga, na tuuite kwa jina lake. Mbwa anayepigwa na kufungwa hajifunzi kulinda, anajifunza kuogopa. Mbwa mwenye hofu humng'ata aliye karibu, na aliye karibu ni mtoto wa nyumba, si mwizi. Mwizi ameshapima mnyororo unaishia wapi. Ukitaka ulinzi, mwache mbwa azunguke ndani ya uzio usiku, alale kivulini mchana, na ale chakula kinachotoka mkononi mwako ili ajue anamlinda nani.

La pili ni hela. Umaskini hauna aibu, na sitamsema mama anayegawana ukoko wa ugali na mbwa wake, kwa sababu huyo amempa alichonacho. Ninamsema aliyetoa laki kadhaa kununua mbwa wa kizungu mwenye manyoya mazito, akamleta kwenye joto letu na kumfungia ndani ya banda la bati. Mbwa hatoki jasho mwilini kama sisi. Anapunguza joto kwa kuhema, na chini ya bati la saa saba mchana kuhema hakutoshi. Mtu huyo hela anayo, asichokuwa nacho ni huruma. Na maji je? Kubadilisha maji ya mbwa asubuhi na jioni hakuhitaji utajiri.

La tatu ni dini, na hili linataka heshima. Wengi wetu hapa ni Waislamu, na katika madhehebu ya Shafii mate ya mbwa ni najisi, huoshwa mara saba na moja kwa udongo. Sawa. Lakini hiyo ni hukumu ya tohara, na hakuna mahali inapogeuka ruhusa ya kutesa. Kila aliyekaa darasani madrasa amesikia hadithi ya mwanamke aliyeingia motoni kwa ajili ya paka, alimfungia, hakumlisha wala hakumwacha akajitafutie. Amesikia pia ya yule mtu aliyeteremka kisimani, akajaza maji kwenye kiatu chake na kumnywesha mbwa aliyekuwa anakufa kwa kiu, Mwenyezi Mungu akamsamehe. Asiyetaka mbwa asifuge. Akishafuga, atahesabiwa.

La nne ndilo linalotufunga midomo kuliko yote: "Mbwa wake, mimi hayanihusu." Yanakuhusu, tena sana. Kichaa cha mbwa kinaua watu wapatao 59,000 duniani kila mwaka, wengi wao Afrika na Asia, na karibu wote wameambukizwa na mbwa. Katika kila watu kumi wanaong'atwa na mnyama anayeshukiwa kuwa na ugonjwa huo, wanne ni watoto wasiofikisha miaka 15. Dalili zikishaanza kwa binadamu, karibu hakuna anayepona. Kinga yake inajulikana: mbwa achanjwe akifikisha miezi mitatu na kurudiwa kila mwaka, na paka vilevile. Aliyeng'atwa aoshe jeraha papo hapo kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha akimbilie hospitali kuchomwa sindano. Sasa jiulize ni nani atakayemuuliza rafiki yako, "Kadi ya chanjo ya mbwa wako iko wapi?" Bwana mifugo wa kata hawezi kufika kila ua. Wewe unafika kila wiki, na unakalishwa kwenye kiti.

Na wala tusiseme haiwezekani. Kati ya 2010 na 2015, mradi ulioratibiwa na Shirika la Afya Duniani ulichanja mbwa katika wilaya za kusini mashariki mwa Tanzania, Mkoa wetu wa Pwani ukiwemo, pamoja na kisiwa cha Pemba. Pemba, kisiwa cha Waislamu, kichaa cha mbwa kilitoweka mwaka 2014. Kikaingizwa tena 2016, watu wakarudi kuchanja, na kufikia mwishoni mwa 2018 kilikuwa kimeondolewa mara ya pili. Wataalamu wanasema ukichanja mbwa 70 katika kila 100, ugonjwa unakosa njia. Mbwa wa rafiki yako ama yumo katika hao 70, au yumo katika 30 wanaouachia mlango.

Sheria nayo ipo. Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu mwaka 2008, na kumtesa mnyama ni kosa. Misingi ya ustawi inayofuatwa duniani ni mitano na haihitaji wakili kuielewa: mnyama asiwe na njaa wala kiu, asikae pahali pabaya, asiachwe na maumivu wala maradhi, asiishi kwa hofu, na apate kufanya yale aliyoumbiwa. Mbwa ameumbiwa kutembea. Hatua tatu za mnyororo zimeshavunja msingi mmoja hata kabla hujaangalia sahani yake.

Wala jambo hili haliishii kwa mbwa. Wapo wanaokamata komba na tumbili wakawaweka nyumbani kuwa pambo la watoto. Misitu ya Pugu na Kazimzumbwi, iliyo mlangoni mwetu, ni kati ya vipande vichache vya misitu ya pwani ya Tanzania anamoishi komba mdogo wa Rondo, ambaye nje ya nchi hii hapatikani popote. Komba ni mnyama wa usiku na wa matawini. Ukimwona ndani ya boksi sebuleni kwa rafiki yako, usimsifu macho yake mazuri. Mwambie rafiki yako kwamba kufuga mnyamapori bila kibali ni kuvunja sheria, na kwamba anamnyonga taratibu.

Kusema kuna adabu yake. Mwambie mkiwa wawili, si mbele ya mkewe na wanawe. Usianze na matusi, mshike mkono mpaka alipo mnyama na umwonyeshe kidonda. Taja jambo linalowezekana leo hii: maji, kivuli, kuondoa mnyororo. Nenda na dawa ya kupe mkamwogeshe pamoja, na siku ya chanjo ikitangazwa mpitie muongozane. Akikataa, rudia. Akikataa tena na mnyama anaendelea kuteseka, nenda serikali ya kijiji na ofisi ya mifugo ya halmashauri. Atakayekuita mfitini mwache akuite, kwa sababu fitina ni yale maneno tunayosema njiani baada ya kuaga.

Wahenga wamesema msema kweli mpenzi wa Mungu. Rafiki anayevunja urafiki kwa sababu umemwombea mbwa wake maji alikuwa anataka shabiki, hakuwa anataka rafiki.

Basi mwisho wa wiki hii, ukipelekwa kuonyeshwa shamba, kabla ya mikorosho muulize mwenyeji maji ya mbwa yako wapi na chanjo yake ni ya lini. Akikosa jibu, usinyamaze.