Tumjue Mgonjwa Kwanza, Nano Baadaye



Hapa Mutanga Sud jioni hatukosi mjadala. Juzi mwenzetu alizisifu chembe za nano: vifuko vidogo kuliko bakteria, vinavyobeba dawa hadi kwenye utumbo uliovimba na kuiachia hapo hapo. Akamalizia kwa kusema huo ndio ukombozi wa wagonjwa wetu. Ninampinga.

Simpingi kwa kuwa sayansi hiyo ni ya uongo. Prednisoloni ikimezwa huzunguka mwili mzima: hutuliza utumbo, lakini huvimbisha uso, hupandisha sukari na kudhoofisha mifupa. Dawa inayotua mahali pake tu ingekuwa neema. Wala sisemi nano ni mambo ya Wazungu. Amfoterisini iliyofungwa katika vifuko vya mafuta tayari inatibu kala-azar Afrika Mashariki.

Ninachopinga ni kuanzia mwisho. Chembe hizo atapewa nani? Jirani yangu aliharisha damu miezi minane. Kila alipokwenda kutibiwa aliambiwa ni amiba, akapewa Flagyl. Alipoingiziwa kamera ya utumbo hatimaye, ikaonekana ni kolaitisi ya vidonda. Kwa miezi yote hiyo hakukosa nano. Alikosa mtu wa kushuku.

Na kwa nini hatushuku? Tumerithi wazo kwamba haya ni maradhi ya Ulaya. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyefanya kazi miaka mingi Uganda, aliueleza ulimwengu kwamba Mwafrika anayekula vyakula vya nyuzinyuzi hupata kwa nadra magonjwa mengi ya utumbo mpana. Huenda aliona sawa kwa wakati wake. Lakini nadra si sawa na hakuna, na asiyepima haoni.

Mtaniambia: hata tukiyatambua, bila nano tutatibu na nini? Sulfasalazini! Nanna Svartz wa Sweden aliitumia kwa ugonjwa huu tangu miaka ya 1940. Sehemu kubwa yake hupita utumbo mwembamba bila kufyonzwa. Ikifika utumbo mpana, bakteria wa humo huikata, na mesalazini inayotoka hutuliza uvimbe. Hiyo nayo ni dawa inayojua njia yake, na imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani.

Tusikimbilie upande wa pili pia. Ukimpa prednisoloni mwenye amiba ya kweli, au kifua kikuu cha utumbo, unaweza kumuua. Ndiyo maana kupima hakuna mbadala.

Basi, kabla hatujaandika tasnifu nyingine juu ya chembe zilizojaribiwa kwa panya, tuandike moja inayohesabu wagonjwa wetu walioharisha damu: wangapi choo chao kilitazamwa kwa darubini, wangapi walipata kamera, wangapi walirudishwa nyumbani na Flagyl ya tatu. Walimu wetu, msituulize kwanza kama mada ni mpya. Tuulizeni itamfaa nani.